Ukitoka Soweto kwa Baiskeli, Uliza Mito Kwanza

Kijana wa jirani yangu hapa Soweto, Moshi, alinunua baiskeli ya mtumba yenye gia, na jioni ile ile akaja nyumbani simu ikiwa mkononi.

"Shikamoo mzee. Nimeshapanga njia ya Jumamosi, naomba uiangalie."

Nikaiangalia. Atoke Soweto, apande Kibosho, huko juu akate kulia mpaka Uru, aendelee hadi Old Moshi, ateremkie Kiboriloni, na saa saba mchana awe nyumbani anakula. Kwenye kioo cha simu mstari wake ulikuwa mfupi na umenyooka, hata mtoto angesema unawezekana. Nikamwambia aufute. Mstari ule ulikata mto Karanga, ukakata mto Rau, na katikati ukakata vijito ambavyo simu haikuvionyesha kabisa. Huku kwetu kila mto una korongo lake, na kila korongo lina mteremko wa kuingia na mlima wa kutokea.

Nimeona niandike kwa kirefu yale niliyomwambia, maana siku hizi baiskeli za gia zimezagaa Moshi na vijana wengi wanapenda kupanda nazo migombani. Nafurahi sana kuwaona. Ila wengi wanauogopa mlima wakati wa kupanda, kisha wanausahau wakati wa kushuka, na hatari iko kwenye kushuka.

Tuanze na umbo la ardhi, kwa kuwa ukilielewa hilo mambo mengine yanajieleza. Mlima Kilimanjaro uko kama mwavuli uliofunguliwa, na mito inateremka kutoka juu kama vijiti vya mwavuli huo: Kikafu, Weruweru, Karanga, Rau, na mingine kuelekea mashariki mpaka Himo. Kila mto umechimba bonde lake kwa miaka mingi, na kati ya mto na mto umebaki mgongo wa ardhi. Juu ya migongo hiyo ndiko kuliko vihamba (mashamba ya ukoo yenye nyumba na migomba), makanisa, shule na barabara. Ukipanda kaskazini juu ya mgongo mmoja, unapanda mara moja na kushuka mara moja. Ukikata kwenda mashariki au magharibi, unashuka na kupanda kila unapokutana na maji. Wazee waliochimba mifongo, mifereji yetu ya maji, walijua hesabu hii kuliko simu yoyote: maji ya mfongo waliyatoa mtoni juu sana, wakayapitisha taratibu ubavuni mwa bonde mpaka yakafika mgongoni. Hawakushindana na korongo.

Kwa hiyo kanuni yangu kwa anayeanza ni hii: chagua mgongo mmoja, upande, urudi kwa njia ile ile. Usione uvivu kurudi ulikopita. Ukishuka barabara uliyoipanda asubuhi, unajua kona ilipo, tuta lilipo, shimo lilipo, na mahali ambapo mfongo umefurika ukamwaga tope juu ya lami. Ulipopanda polepole ulikuwa unasoma njia. Mtu anayeshuka barabara asiyoipanda anashuka gizani hata kama jua linawaka.

Mgongo wa kwanza ninakompeleka mtu ni Mweka. Kutoka mjini ni kama kilomita 14, na sehemu kubwa ni lami. Huko juu kuna chuo cha wanyamapori kilichofunguliwa mwaka 1963, na mbele yake lango la hifadhi ambalo wapanda mlima wengi hutokea wakitoka kileleni. Mji wetu uko chini kidogo ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, lango la Mweka liko kama mita 1,640. Maana yake utapanda zaidi ya mita 700. Mwendo wa mtu wa kawaida kwenye mlima kama huo ni kilomita nane hadi kumi kwa saa, hivyo jipe saa mbili na usimwonee wivu anayekupita. Kushuka ni suala la nusu saa hivi ukienda kwa akili.

Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukipambazuka. Saa hizo Kibo, kilele cha Kilimanjaro, bado ni nyeupe na wazi, bodaboda ni chache, na hewa ya baridi inakusaidia kupanda. Ikifika saa nne mawingu yanaufunika mlima, na jua la Moshi linakukuta mgongoni. Watu wengi huahirisha kuondoka ili wanywe chai vizuri. Mimi hunywa kikombe kimoja, nakula ndizi kisukari tatu, natia nyingine mfukoni, naondoka. Chai ya maana naikuta huko juu, kwenye kibanda, pamoja na chapati.

Sasa nizungumzie miguu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, zenye jumla ya kupanda zaidi ya mita 5,000 kwenye vilima vya mji ule. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda, na katika wote walioanza ni 30 tu waliofika mwisho. Wengi tulivutwa na kasi yao. Mimi nilikuwa naangalia miguu yao kwenye vilima: ilizunguka haraka na kwa wepesi, mabega yametulia, hakuna aliyekuwa anakanyaga kwa kusukumana na pedali kama anayesaga mahindi. Wale ni mabingwa na bado walipanda kwa gia nyepesi. Wewe wa Soweto una sababu gani ya kupanda kwa gia nzito?

Ukinunua baiskeli ya gia, hesabu meno. Kwa milima yetu nataka gia ndogo ya mbele isizidi meno 34, na kubwa ya nyuma iwe na meno 32 au zaidi. Baiskeli nyingi za mashindano zinazokuja kwenye mitumba zimetengenezwa kwa nchi tambarare. Zinapendeza, nyepesi kubeba, lakini gia yake kubwa ya nyuma haifiki hata meno 28. Ukizipeleka Kibosho zitakuua magoti. Muulize fundi kama friwili inaweza kubadilishwa kabla hujatoa hela. Na badilisha gia kabla mlima haujakubana, pedali zikiwa bado nyepesi. Ukingoja mpaka umelemewa, mnyororo unaweza kukatika na ukaanguka hapo hapo.

Mwenye Phoenix ya gia moja asikate tamaa. Ile ni baiskeli imara, na migombani watu wameitumia miaka na miaka kubebea ndizi, majani ya ng'ombe na madumu ya maziwa. Mlima ukizidi, shuka uikokote. Wazee wote waliofanya kazi na baiskeli huku juu waliikokota kupanda, wakaipanda kwenye unafuu. Ila mteremko ni habari nyingine kwa baiskeli yoyote, na hapo ndipo nataka nikae.

Siku moja nilikuwa nashuka kutoka Kibosho. Manyunyu yalikuwa yameanza, yale ya Julai yasiyolowesha shati lakini yanalowesha lami. Niliijua barabara, nikaiacha baiskeli iende. Kwenye mteremko wa wastani, bila kukanyaga pedali hata mara moja, baiskeli hufika kilomita 50 kwa saa, na kwa mwendo huo unapita karibu mita 14 kila sekunde. Nilipoikaribia kona nikabana breki zote mbili. Sikusikia kitu. Mkono ulibana, raba zikagusa rimu, lakini rimu ilikuwa na maji na baiskeli ikaendelea kama vile sijafanya lolote. Kisha nikasikia mlio wa chuma juu ya chuma. Niliingia kwenye uzio wa masale wa kihamba cha watu, nikapita katikati yake na kusimama kwenye shina la kahawa.

Bibi mwenye kihamba alitoka na jembe mkononi. Nikamwamkia nikiwa bado chini. Akaitikia, akaniangalia mikono na magoti, akanipa pole, akamwita mjukuu wake alete maji. Hakusema neno juu ya masale yake. Asiyejua Uchagga atadhani ni majani ya uzio tu, lakini sale ndilo mtu hulibeba anapokwenda kuomba msamaha, na ndilo linaloonyesha mpaka wa kihamba na kaburi la babu. Jumamosi iliyofuata nilirudi na vipande vya masale kutoka kwa shangazi yangu, nikavipanda mahali nilipopavunja, yeye akinielekeza pa kuvichimbia.

Kabla ya Jumamosi hiyo nilikuwa nimeipeleka baiskeli kwa fundi mmoja anayekaa chini ya mwarobaini. Alizichomoa raba za breki akaniwekea kiganjani. Upande uliokuwa unaonekana kwa nje zilikuwa nzima. Upande wa ndani, unaogusa rimu, raba ilikuwa imekwisha, na msumari wa chuma umechomoza kama ncha ya kalamu. "Ulikuwa unaziangalia kwa juu," akasema. "Hizi unaziangalia kwa chini."

Tangu siku hiyo kila nikitaka kupanda mlima, jioni ya jana yake naigeuza baiskeli, magurudumu yakiwa juu. Naangalia raba kwa chini. Navuta waya wa breki kuona kama umeanza kukatika nyuzi pale unapoingia kwenye mkono. Nazungusha gurudumu kuona kama rimu inayumba, na nagonga spoki moja moja kusikiliza kama kuna iliyolegea. Nabonyeza tairi kwa kidole gumba. Inachukua dakika kumi. Raba mpya za breki ni bei ndogo sana ukilinganisha na bandeji.

Ukiwa unashuka, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Bana na kuachia, bana na kuachia, usishikilie breki kilomita nzima, maana rimu inachemka na tyubu inaweza kupasuka. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ukiibana kwa ghafla itakurusha juu ya usukani, kwa hiyo tumia zote mbili, na sukuma makalio nyuma ya kiti. Mvua ikinyesha, anza kubana mapema sana: mizunguko ya kwanza ya gurudumu inafuta maji tu, breki yenyewe inakuja baadaye. Na kumbuka mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki zishike unakuwa mara nne. Hilo ni la fizikia, halibadiliki kwa ujasiri wa mtu.

Mgongo wa pili ninaoupenda ni Machame. Uko kati ya Weruweru na Kikafu, na barabara yake ni lami nzuri inayopanda mpaka karibu na lango la hifadhi, kwenye mita kama 1,800. Kero yake ni kuifikia. Sisi wa Soweto tunaingia barabara kuu ya Arusha, tunavuka Karanga na Weruweru, na njia nzima tuko pamoja na mabasi, Fuso na malori ya mizigo. Pita hapo asubuhi na mapema, kaa pembeni kabisa kushoto, vaa fulana ya rangi ya kung'aa, kofia ngumu isikae nyumbani. Ukishaingia njia panda ya Machame, utapumua.

Wapo wanaonisifia mzunguko wa kupanda Machame, kukata kupitia Masama na kuteremkia Kwa Sadala. Ni mzunguko mzuri kweli, na mwenye miguu ataufaidi. Lakini ukishafika Kwa Sadala umejiweka upande wa pili wa Kikafu, na kurudi Moshi kwa barabara kuu ni lazima ushuke lile bonde na kupanda tena, kona juu ya kona, na malori yanayoshuka yakiwa yamejaa. Kila anayesafiri barabara hiyo anajua ajali zilizotokea pale. Ushauri wangu ni mmoja: ukifika Kwa Sadala pakia baiskeli kwenye gari mpaka Weruweru. Nauli ya mizigo ni kitu kidogo.

Old Moshi ni mgongo wa watu wanaopenda kusimama njiani. Unatokea Kiboriloni, unapanda kuelekea Tsudunyi na Kidia, na sehemu za njia ni rafu, kwa hiyo tairi nyembamba za lami hazifai. Huko ndiko Wajerumani walikomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine. Ukifika, shuka kwenye baiskeli, salimia, na uombe mwenyeji akuonyeshe mahali penyewe. Usipige picha kwanza.

Kwenda Marangu, wengi huanzia hapa mjini, kilomita kama 40 kupitia Himo. Sipendi kipande cha Moshi hadi Himo, kwa sababu mabasi ya Dar es Salaam hayana subira na baiskeli. Peleka baiskeli Himo kwa gari, anzia pale. Kutoka Himo hadi Marangu Mtoni ni mlima wa kupendeza, na ukiwa bado na nguvu unaweza kuendelea hadi lango lililo karibu mita 1,900. Upo pia mchepuko wa Kawawa, Pakula, Nduoni mpaka Marangu Mtoni unaopita migombani. Huo mimi huupita kiangazi tu.

Kuhusu majira, masika ya Machi hadi Mei waachie wenye magari. Udongo wetu mwekundu ukilowa unajaza nafasi kati ya tairi na foki mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Vuli ya Novemba na Desemba inavumilika ukiwa lamini. Julai na Agosti kuna ukungu na baridi huko juu, chukua sweta la kuvaa wakati wa kushuka, kwa sababu jasho ulilopanda nalo litakugandisha. Januari na Februari ni safi, ila vumbi. Na kuanzia katikati ya Desemba mpaka mwaka mpya, Wachaga wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, barabara za migombani zinajaa magari madogo yenye madereva wasiozikumbuka kona zake, na baadhi wametoka kunywa mbege. Wiki hizo mimi huteremkia TPC, kwenye tambarare ya miwa, kama kilomita 20 kusini. Mtu anayejifunza baiskeli aanzie huko pia. Ajue tu kwamba kwenda ni kushuka kidogo kidogo na kurudi ni kupanda, juani, kwa hiyo maji asiyamalize akifika.

Maji yenyewe: chupa mbili, moja ya maji matupu, moja yenye sukari na chumvi kidogo. Usinywe maji ya mfongo, hata kama ni ya baridi na meupe. Juu yako kuna ng'ombe na watu wanaofua. Chukua tyubu moja ya akiba, viraka, solusheni, pampu ndogo na spana. Mafundi wapo karibu kila sokoni, lakini pancha haichagui mahali.

Na watu. Barabara ya migombani ni uwanja wa nyumba zao. Akina mama wanatembea na mikungu ya ndizi kichwani na hawawezi kugeuka haraka. Ukija kimya nyuma yao kwa mwendo wa mteremko unawatia hofu. Piga kengele ukiwa mbali, punguza, salimia. Siku za soko na Jumapili ibada zinapotoka, shuka uikokote baiskeli mpaka umati uishe. Watoto watakimbia pembeni yako kwa furaha, na mmoja anaweza kukatiza mbele ya gurudumu. Shikamoo kwa mzee aliyeketi kibarazani haikupunguzii mwendo wowote, na siku ukianguka ndiye atakayekuokota.

Kijana wangu wa jirani aliufuta mstari wake. Jumamosi ile alikwenda Mweka, akakokota mara mbili, akafika, akanywa chai, akarudi saa tano. Wiki ya pili akarudia mgongo huo huo. Sasa anajiandaa kwa Machame, na jana jioni nilimkuta uani kwao, baiskeli imegeuzwa miguu juu, amepiga magoti anaziangalia raba kwa chini. Kama una baiskeli na unataka kupanda wiki hii, nenda ukaigeuze yako leo, kabla giza halijaingia.